Tulifungwa fainali, tukafuzu Kombe la Dunia: uchambuzi wa kisa cha futsali ya wanawake 2025

Aprili 30, 2025, mjini Rabat, timu ya taifa ya wanawake ya futsali ya Tanzania ilifungwa na Moroko mabao 3-2 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mashindano yaliyokuwa yanafanyika kwa mara ya kwanza upande wa wanawake. Kesho yake ilikuwa Mei Mosi. Kwenye viwanja vya kikapu vya Mirongo hapa Mwanza, tunakowafundisha mabinti, hakukuwa na mada nyingine. Wako waliokuwa wanasikitika kwamba tumekosa, na wako waliokuwa wanashangilia kwamba tunakwenda Ufilipino kwenye Kombe la Dunia. Wote walikuwa wanazungumzia mchezo uleule.

Mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, binti yake yumo kwenye timu yetu, alinikabili moja kwa moja.

"Shikamoo mwalimu. Hebu nieleweshe. Mtu kafungwa fainali, anafuzuje?"

Kabla sijajibu, kijana wa bodaboda alidakia. "Mama, wawili wa kwanza wote wanaenda. Jana lilikuwa linagombewa kombe tu."

"Nani kakwambia?"

"Imo kwenye kanuni, mama."

Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa ameziona hizo kanuni. Kijana alikuwa sahihi, lakini jibu lake lilikuwa fupi mno, na ufupi huo ndio unaotufanya mashabiki tushangilie mchezo usio na uzito na kusinzia kwenye mchezo uliobeba kila kitu. Nimeamua kukieleza kisa hiki chote, hatua kwa hatua, kwa sababu futsali inaanza kushika kasi kwetu na wazazi wana haki ya kujua watoto wao wanagombea nini.

Tuanzie juu. Futsali ni mpira wa ndani: wachezaji watano kila upande akiwemo kipa, vipindi viwili vya dakika 20, saa inasimama kila mpira unapotoka, na wachezaji wanabadilishana bila kikomo. Wanaume wana Kombe la Dunia la mchezo huu tangu 1989, lilipofanyika Uholanzi. Wanawake walisubiri hadi 2025. FIFA iliwapa Ufilipino uenyeji, tarehe zikapangwa kuwa Novemba 21 hadi Desemba 7, na idadi ya timu ikawekwa kuwa 16.

Kwenye hiyo 16 ndiko kufuzu kunakoanzia. Kabla mpira haujaguswa popote, nafasi zinagawiwa kwa mabara. Mgawo wa mara hii ulikuwa Ulaya nne, Amerika ya Kusini tatu, Asia tatu mbali na ya mwenyeji Ufilipino, Amerika ya Kaskazini na Kati mbili, Oseania moja, na Afrika mbili. Kila bara likaachiwa kutafuta wawakilishi wake kwa njia yake. Ulaya ilitoa Hispania, Ureno, Italia na Poland. Amerika ya Kusini ilitoa Brazil, Argentina na Kolombia. Japani, Thailand na Irani zilitoka Asia, Kanada na Panama zikatoka upande wao, na New Zealand ikaja kwa tiketi pekee ya Oseania.

Sisi tulikuwa na mbili. Bara lenye mashirikisho wanachama 54, tiketi mbili. Ukishalijua hilo, swali la yule mama linajibika: mashindano ya Rabat yalikuwa yanatoa vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja. Kimoja ni kombe, na hilo ni la bingwa peke yake. Kingine ni tiketi za dunia, nazo zilikuwa za timu mbili zitakazofika fainali. Kwa hiyo Moroko na Tanzania zilipoingia uwanjani Aprili 30 zote mbili zilikuwa zimeshafuzu.

Mchezo wetu wa kufuzu ulikuwa nusu fainali dhidi ya Kamerun, na huo tulishinda. Nimeuliza watu wengi hapa mjini kama waliutazama, na wengi wao wanasema walianza kufuatilia kwenye fainali. Inaniuma. Dakika zile 40 dhidi ya Kamerun ndizo zilizokuwa na tofauti kati ya kupanda ndege ya Ufilipino na kubaki nyumbani, na sisi tulikuwa tunasubiri siku ya kombe.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kufika nusu fainali kwenyewe kulikuwa na hesabu yake, na hapa ndipo pananoga. Timu zilikuwa tisa, zikagawanywa makundi matatu ya timu tatu tatu. Kundi A lilikuwa na Moroko, Kamerun na Namibia. Kundi B lilikuwa na Angola, Misri na Guinea. Kundi C lilikuwa na Tanzania, Senegal na Madagaska. Nusu fainali inahitaji timu nne, washindi wa makundi ni watatu. Nafasi ya nne ikapewa mshindi wa pili bora kati ya makundi yote. Ndiyo maana Kamerun, iliyokuwa kundi moja na Moroko, ilionekana tena nusu fainali.

Kundi la timu tatu ni kundi katili. Kila timu inacheza mara mbili tu, halafu basi. Hakuna mchezo wa tatu wa kurekebisha makosa. Ukipoteza mmoja, pointi nyingi unazoweza kumaliza nazo ni tatu, na mara nyingi washindi wa pili wa makundi yote wanajikuta hapohapo kwenye tatu. Kinachowatenganisha ni tofauti ya mabao.

Nilipowaeleza mabinti hili nilitumia kata zetu wenyewe, na nitafanya hivyo hapa. Chukulia kundi la Igoma, Kirumba na Nyegezi. Igoma inaifunga Kirumba 5-1 na inaifunga Nyegezi. Kirumba inaifunga Nyegezi 4-1. Igoma inaongoza, Kirumba ni ya pili kwa pointi tatu, imefunga mabao matano na kufungwa sita, tofauti ni kasoro moja. Kwenye kundi la pili, Pasiansi imemaliza ya pili: imefungwa 3-2, imeshinda 2-1. Imefunga manne, imefungwa manne, tofauti sifuri. Kwenye kundi la tatu, Buhongwa ya pili imefungwa 3-0 na kushinda 3-1, tofauti ni kasoro moja. Wote watatu wana pointi tatu. Anayekwenda nusu fainali ni Pasiansi.

Ukiitazama Kirumba unaona timu iliyoshinda 4-1, ushindi mnono kuliko wa Pasiansi, na bado inarudi nyumbani. Sababu ni yale mabao matano ya Igoma. Kama ingefungwa 3-1 badala ya 5-1, tofauti yake ingekuwa bao moja juu, na nafasi ingekuwa yake. Mabao mawili ya mchezo ambao tayari ulikuwa umepotea.

Na mabao ya namna hiyo, kwenye futsali, yanaingiaje? Mara nyingi yanaingia kwa sababu ya kipa-mchezaji. Timu iliyo nyuma, dakika zikibaki chache, inamtoa kipa wake na kuingiza mchezaji wa ndani aliyevaa jezi ya rangi ya kipa. Anapanda mbele na kuungana na wenzake, wanakuwa watano wanaoshambulia dhidi ya wanne wanaokaba. Pasi zinazungushwa haraka hadi mmoja apatikane yuko huru. Lakini nyuma goli liko wazi, mita tatu kwa mbili, na uwanja mzima hauzidi mita 42 kwa urefu. Mpinzani akiunasa mpira, hana haja ya kukimbia. Anapiga kutoka hukohuko aliko na mpira unaserereka hadi wavuni.

Tulilifanyia mazoezi jambo hili Mirongo Jumamosi moja. Mistari ya futsali tulikuwa tumeichora kwa chaki juu ya mistari ya kikapu, magoli ni ya bomba za maji tulizochomelewa na fundi. Binti mmoja, mrefu, mtulivu kupita kiasi kwa umri wake, nilimpa fulana ya njano awe kipa-mchezaji. Mara ya kwanza alipanda, akapokea mpira kwa unyayo, akauvuta kushoto kumhadaa mkabaji, akaachia pasi ya mshazari. Bao. Wote wakapiga kelele. Mara ya pili alipanda vilevile, pasi ikachelewa kidogo tu, mwenzake wa upande wa pili akaingiza mguu, na mpira ukaondoka polepole kuelekea goli tupu. Mpira wa futsali ni mdogo na haudundi sana, kwa hiyo hata shuti dhaifu linafika. Yule binti aliukimbiza, hakuuwahi. Alirudi kwangu akaniuliza, "Mwalimu, sasa nipande au nisipande?"

Swali lake ndilo kiini cha hatua ya makundi. Jibu linategemea ni mchezo upi. Katika nusu fainali, ukiwa nyuma kwa bao moja na dakika tatu zimebaki, unapanda bila kuwaza mara mbili, kwa sababu kufungwa 3-2 na kufungwa 6-2 ni kitu kilekile, umetoka. Katika mchezo wa kundi, ukiwa nyuma kwa mabao mawili mbele ya kigogo, na bado una mchezo mwingine unaoweza kuushinda, kila bao unalofungwa unalibeba hadi kwenye jedwali. Hapo kocha anapaswa kuijua hesabu kabla hajamwita mchezaji wa njano. Kwa maoni yangu timu nyingi za kwetu zinapoteza hapo, kwa ushujaa usio na hesabu. Mchezaji anayekubali kufungwa 3-1 anaonekana mwoga machoni pa mashabiki, ilhali huenda ndiye amelinda safari ya timu.

Kuna na faulo. Faulo za timu zinahesabiwa kila kipindi, na kuanzia ya sita mpinzani anapiga mpira wa adhabu bila ukuta, kwa kawaida kutoka alama iliyo mita 10 toka goli. Timu inayokimbiza mchezo kwa hasira huingia humo kirahisi, na kwenye kundi la michezo miwili bao moja la namna hiyo linatosha.

Tanzania haikuhitaji kusubiri hesabu za mshindi wa pili bora, maana iliongoza Kundi C na kuingia nusu fainali kwa mlango wa mbele. Ninalisisitiza kwa sababu nimesikia watu wakisema tulibahatika. Ukiongoza kundi, matokeo ya makundi mengine hayakuhusu. Faida ya pili ni njia unayopewa baada ya hapo. Moroko walikuwa wenyeji, na upande wa wanaume nchi hiyo ndiyo inayotamba Afrika, kwa hiyo kila mtu alitarajia wafike mwisho. Timu iliyowakwepa hadi fainali ilikuwa inagombea tiketi ya pili na watu wengine. Kamerun walikuwa wameshakutana na Moroko kwenye kundi, wakaja kukutana na sisi. Angola ndiyo iliyowapata Moroko nusu fainali, na tiketi yake ikapotelea hapo.

Linganisha na wanaume mwaka mmoja kabla, maana kaka mmoja pale Mirongo alichanganya habari hizi mbili na akawachanganya na wengine. Aprili 2024, Rabat hiyohiyo, wanaume wa mataifa nane walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika katika makundi mawili ya timu nne nne. Kila timu ilikuwa na michezo mitatu ya kundi, na wawili wa juu kila kundi wakaingia nusu fainali moja kwa moja, hakuna mshindi wa pili bora wala kuchungulia jedwali la jirani. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba Afrika ilikuwa na tiketi tatu za Kombe la Dunia la Uzbekistan, lililokuwa na timu 24. Moroko waliifunga Angola 5-1 katika fainali, na wote wawili walikuwa wameshafuzu. Mchezo uliokuwa na kifo na uzima ndani yake ulikuwa wa mshindi wa tatu, Libya na Misri. Misri walikuwa wamehudhuria kila Kombe la Dunia la futsali kuanzia 1996 hadi 2021. Libya wakashika nafasi ya tatu, na Misri, pamoja na historia yake yote, ikakaa nyumbani.

Kwa wanaume, aliyefungwa nusu fainali alikuwa na nafasi nyingine. Kwa wanawake hakuwa nayo, maana wa tatu na wa nne walikuwa sawa mbele ya mlango wa Ufilipino. Tofauti ya tiketi moja tu inageuza maana ya kila mchezo, na ndiyo maana kitu cha kwanza ninachowaambia vijana watafute, mashindano yoyote yanapotangazwa, ni idadi ya nafasi. Jina la mashindano na jina la mpinzani yanafuata baadaye.

Sasa niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Timu tisa kati ya mashirikisho 54. Mataifa mengi yenye majina makubwa kwenye soka la wanawake Afrika hayakuwemo Rabat. Tanzania ilikuwemo. Shirikisho linaposhiriki mashindano mapya, linapounda timu, linapowatafutia wachezaji hati za kusafiria na kuwapeleka, limeshafanya kazi kubwa ambayo haionekani kwenye ubao wa matokeo. Wengi wa wachezaji waliokwenda walikuwa wanatoka kwenye klabu za Ligi Kuu ya Wanawake, wamezoea nyasi na uwanja wa watu 11, wakajifunza kukaba ndani ya mita 20 za upana. Kufika fainali kwa msingi huo ni jambo kubwa mno, na wanastahili heshima kamili.

Lakini mlango ule hautabaki mpana hivyo. Mataifa yaliyokosa yameona kwamba timu ilicheza michezo michache tu ikapata Kombe la Dunia. Watakuja. Timu zikiwa nyingi, patahitajika mechi za mchujo kabla ya fainali za Afrika, pengine za mtoano wa nyumbani na ugenini, na hizo ni shule nyingine: dakika 80 badala ya 40, mabao ya michezo yote miwili yakijumlishwa, na ulazima wa kuwa na ukumbi wenye sakafu inayokubalika kwa mgeni. Timu isiyo na ukumbi inacheza mchezo wa nyumbani mbali na watu wake.

Huko Ufilipino tulipangwa Kundi C pamoja na Ureno, Japani na New Zealand. Ureno na Japani ndizo zilizosonga mbele, sisi tukaishia kwenye makundi, Ureno wakafika fainali na Brazil wakawa mabingwa wa kwanza. Kukutana na Ureno kulionyesha umbali uliopo kati ya taifa lenye wasichana wanaokulia kwenye futsali na taifa lenye wachezaji wa soka walioazimwa. Umbali huo hauzibwi na kambi ya wiki chache.

Ndipo nafika kwetu. Hapa Mwanza tuna klabu ya Alliance Girls ambayo imecheza Ligi Kuu ya Wanawake, kwa hiyo binti wa hapa anaweza kuonekana bila kuhama mkoa. Tuna viwanja vya kikapu na pete mashuleni, ambavyo kwa vipimo vinakaribia futsali, na vingi vinakaa bila kazi jioni. Tusichonacho ni mashindano yenye ratiba. Mabinti wetu wanacheza bonanza la siku moja, wanapewa mbuzi au seti ya jezi, halafu miezi inapita. Hakuna anayejifunza hesabu ya kundi kwenye bonanza, wala kuamua lini apande na lini abaki. Ligi ndogo ya timu sita za kata, michezo ya kila Jumapili, rekodi ya mabao ikiandikwa na kubandikwa ukutani, ingewafundisha zaidi ya maneno yangu yote.

Na nyaraka. Hili nawaomba wazazi kwa dhati. Timu ya taifa haimpandishi ndege mchezaji asiye na hati ya kusafiria, na hati haipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Nina mabinti wenye vipaji vya kweli ambao jina la kwenye cheti cha shule si lile la kwenye kadi ya kliniki, na wengine ambao cheti cha kuzaliwa hakijawahi kufuatwa. Kocha wa taifa akipiga simu leo, haya hayarekebishwi kwa siku mbili.

Yule mama wa dagaa alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo kama Kamerun wangetufunga, tungecheza na nani tena ili twende?" Nikamjibu kwamba tusingecheza na yeyote. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa anafunga kamba za viatu, akamuuliza cheti chake cha kuzaliwa kiko kwa nani, kwake au kwa bibi yake Magu.